Ng'ombe wa Lingeka na Chai ya Dokta Hilaria

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Dkt. Hilaria Mallya, daktari bingwa wa wanawake na uzazi, anatimiza miaka thelathini na miwili ya utumishi katika hospitali yetu hapa Bariadi. Siku hiyo atavua koti jeupe, atarudisha ufunguo wa ofisi yake, chumba namba sita, na kuanzia Jumanne tutalazimika kujichemshia chai wenyewe. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi, Josia Ngassa, mfamasia, kazi ya kuandika wasifu wake. Msidhani nimechaguliwa kwa ufundi wa kalamu. Nilichaguliwa kwa sababu sikuhudhuria kikao.

Mwaka 1993 alipofika, mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa. Bariadi ilikuwa wilaya ya Shinyanga, pamba ilipita mjini kwa mikokoteni ya ng'ombe, na daktari mgeni akitoka nje watoto walimsindikiza hadi sokoni na kumrudisha. Yeye alitoka Kibosho, miguuni mwa Kilimanjaro, kwenye kijani kisichokatika, ambako ng'ombe hukaa bandani na kuletewa majani kama mgonjwa wa wodi ya daraja la kwanza. Nawaomba mkumbuke jambo hilo la ng'ombe wa bandani, maana litatusumbua huko mbele. Aliteremka na sanduku moja, chupa ya chai na mfuko wa tangawizi. Ametuambia mara nyingi kwamba jioni ile ya kwanza alisimama uani, akatazama mbuga inavyokwenda na kwenda mpaka ikawa mbingu, akatafuta mahali pa kuegemeza macho akakosa. Alilala akiota kwamba anaelea.

Kisukuma alikijifunza kwa bidii, na kwa mpangilio wake mwenyewe. Salamu ya kwanza aliyofundishwa ni mwangaluka, ambayo ni ya asubuhi, na akaona inatosha. Alipita nayo wodini asubuhi, mchana na jioni. Wazazi wetu, kwa adabu zao, walimjibu "mwangaluka, mayu", yaani mama, huku wakichungulia dirishani kuona kama kweli kumekucha. Mwishowe wodi nzima ilisalimu amri. Mpaka leo, Dokta Hilaria akiingia wodi ya wazazi saa kumi na moja jioni, humo ndani ni alfajiri.

Alipokwenda Mwanza kusomea ubingwa, wengi tulisema hatarudi. Mimi nilisema kwa sauti kubwa kuliko wengine, tena kantini, mbele ya mashahidi. Alirudi, na tangu siku hiyo hakuna anayeniuliza utabiri wowote, hata wa mvua. Ndiye aliyepigania nyumba ya kusubiria kujifungua, ile yenye paa la bluu nyuma ya maabara, ili akina mama wa ng'ambo ya mito waje mapema kabla masika hayajafunga njia. Ndiye aliyezunguka zahanati moja baada ya nyingine akiwafundisha wakunga kutambua hatari ikiwa bado mbali. Matunda ya kazi hiyo yanatembea: kuna shule ya msingi moja upande wa Kasoli ina akina Hilaria wengi mpaka mwalimu anawaita kwa majina ya baba zao.

Sasa nije kwenye chai.

Chai ya Dokta Hilaria ina tangawizi kuliko maji. Huiandaa katika chumba cha kubadilishia nguo, pembeni ya chumba cha upasuaji, kila kazi inapokwisha. Ukinywa funda la kwanza, macho yanalowa. La pili, pua inafuata. Wageni hudhani ni ukatili. Ilinichukua miaka kuelewa, maana mimi si mwepesi. Siku ambazo mambo yameenda vibaya humo ndani, chai ilikuwa kali zaidi. Watu wazima, madaktari na wauguzi, walikaa kwenye benchi na vikombe vyao wakibubujikwa na machozi, na hakuna aliyemwuliza mwenzake analia nini. Ilikuwa tangawizi.

Hiyo ndiyo dawa pekee aliyokuwa nayo kwa ajili yetu, na kwa miaka mingi tuliona inatosha. Yeye mwenyewe alilelewa katika shule ile ya zamani: daktari akifunga mlango wa chumba cha upasuaji, amefunga na yaliyotokea ndani. Mara moja tu, mvua ikinyesha na umeme umekatika, alitusimulia habari za mama mmoja wa Kasoli, aliyeletwa kwa mkokoteni katika mwaka wake wa kwanza, akafia mikononi mwake. Alisimulia kwa maneno machache sana, akaosha kikombe, akaondoka. Hatukumsikia akimtaja tena.

Kisha akaja Dkt. Rahel Cyprian.

Rahel ni binti wa Mkula. Pamba ya wazazi wake ndiyo iliyompeleka shule, na aliporudi kwetu na shahada yake, Dokta Hilaria alimpokea kama mtu aliyesubiri mvua akasikia ngurumo. Alikuwa akihesabu miaka yake iliyobaki na kujiuliza ni nani atakayeshika kisu nyuma yake. Hapa tulipo, daktari wa kuja hatukosi. Wanafika, wanatazama ile mbuga isiyo na pa kuegemeza macho, na baada ya muda uhamisho unapatikana. Rahel hakuwa wa kuhama. Mbuga ilikuwa ya kwao.

Masika ya mwaka 2022, gari la wagonjwa lilisimama ng'ambo ya mto uliofurika likiwa na mama ndani, likasubiri maji yapungue. Yalipopungua na gari likafika, Rahel alikuwa zamu. Alifanya kila kinachofanywa, na Dokta Hilaria, aliyeitwa akaja mbio, amesema hivyo mbele ya kila aliyetaka kusikia. Mtoto alipona. Mama hakupona.

Dkt. Rahel amesoma aya hizi kabla hazijachapwa, akaniruhusu. Alifuta sentensi mbili, na moja ilikuwa nzuri sana, lakini basi.

Baada ya siku ile, alisimama kwenye sinki la kunawia kabla ya upasuaji, akanawa, akaendelea kunawa. Maji yalitiririka na yeye alikuwa hayupo. Mara ya kwanza wenzake walimsubiri. Mara ya pili Dokta Hilaria aliingia akashika kazi. Baadaye ikawa desturi isiyotajwa: Rahel kliniki na wodini, mama mtu mzima peke yake kwenye kisu. Chai Rahel alikunywa, lakini macho yake yalibaki makavu, na hapo ndipo Dokta Hilaria alipoogopa. Mwezi wa saba Rahel alimweleza kwamba amepata nafasi ya kazi ya ofisini Dodoma, kuandika miongozo. Aliombwa avumilie mpaka mwisho wa mwaka unaofuata. Alikubali kwa heshima tu, kama mtu anayekubali sahani ya pili ugenini.

Ni katika kipindi hicho walipokuja vijana wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam na mradi wao. Walileta miwani mikubwa miwili ya uhalisia pepe, ile unayoivaa ikafunika uso nusu, na ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki hapa Bariadi ukajikuta uko mahali pengine kabisa. Ukigeuza shingo, na dunia ile inageuka nawe. Ilikuwa ya kusaidia afya ya akili ya madaktari. Walitueleza kuhusu unyumbufu wa kisaikolojia mpaka Dkt. Ferdinand, bingwa wetu wa upasuaji na Mhaya wa Muleba, akaomba kutafsiriwa. Dokta Hilaria alitafsiri bila kuinua kichwa: ni kubeba uchungu wako kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ukaendelea na kazi. Wale vijana waliandika.

Hospitali ilitakiwa kuteua mratibu. Tulitazama dari. Yeye akanyoosha mkono.

Ndani ya miwani kulikuwa na ufuo wa bahari, msitu wenye ukungu, na mto. Dkt. Ferdinand alipewa ufuo. Alilala na kukoroma mpaka wodi ya pili, na mradi ukaandika kwamba ametulia kabisa. Mto ndio uliokuwa zoezi lenyewe. Sauti tamu ilikuelekeza uchukue wazo linalokusumbua, uliweke juu ya jani, jani uliache maji yalichukue. Huko walikotengeneza zoezi hilo nadhani mito ina tabia njema. Mito yetu ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na siku inapojaa haichukui majani, inachukua daraja. Mtu wa Simiyu akiona mto umejaa, wazo lake la kwanza ni nani yuko ng'ambo.

Rahel alivaa miwani, akaona maji. Aliivua polepole, akaining'iniza kwenye msumari kama mtu anayetundika kofia ya marehemu, akatoka nje. Dokta Hilaria alimwona kupitia dirisha amesimama juani, na alituambia kuwa siku hiyo alitaka kuirudisha miwani yote Dar es Salaam kwa basi la asubuhi.

Hakuirudisha. Alikaa nayo. Nilimkuta siku moja ameifuta vioo vyake kwa kitambaa cha miwani yake ya kusomea, akaniuliza kama kweli kaka yangu ana ng'ombe wengi. Kaka yangu Novatus yuko Lingeka, huko Meatu, na kuhusu ng'ombe jibu lake ni moja siku zote: wapo kiasi. Ukifika unakuta kiasi hicho kimefunika kilima.

Basi mwezi wa tatu 2023 tulikwenda, Dokta Hilaria, mimi, na Jenifer, afisa wetu wa TEHAMA, na kamera inayoona pande zote kwa wakati mmoja. Novatus aliuliza maswali mawili: kama ng'ombe wataonekana wamenenepa, na kama mimi nitakuwemo. Aliposikia simo, aliridhika. Tuliisimamisha kamera katikati ya njia ya kwendea lambo la kunyweshea mifugo, tukajificha nyuma ya ukuta wa minyaa. Ng'ombe walipita asubuhi na mapema, wengi, bila haraka, pembe zikiwa zimeshika mwanga, wakatawanyika kwenye majani na kupungua, wakawa nukta, wakawa hawapo. Mmoja mweupe, wa mwisho kila mahali, alisimama akaitazama kamera, akailamba. Jenifer alitaka kukata kipande hicho. Dokta Hilaria alikataa, na kweli, mpaka leo hakuna sehemu inayopendwa kama pale ambapo dunia nzima, mbingu na nchi, inafunikwa na ulimi.

Maneno aliyasema mwenyewe, kwa sauti yake ileile ya kumwambia mtu asukume. Chukua wazo linalokusumbua. Lipandishe mgongoni mwa ng'ombe mmoja. Sasa mwache aende.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujaribiwa. Nililipandisha wazo la ukaguzi wa stoo ya dawa kwenye dume moja jekundu, likatulia vizuri, na kwa muda kidogo, sitanii, nilikuwa na amani. Kisha nikaona dume linakokwenda. Linaelekea kulia, na kulia pale ni shamba la pamba la jirani. Nilitazama nyuma: hakuna mchungaji. Nilipiga mluzi. Halikusikia. Sijui nilisimama saa ngapi. Ninachojua ni kwamba nilishika fimbo, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa stendi ya dripu, nikakimbia. Kabati la mafaili lina alama mpaka leo. Na mimi pia.

Mkidhani ni mimi peke yangu, mmekosea. Kila Msukuma aliyevaa miwani ile aliivua jasho likimtoka. Muuguzi mkuu aliuliza ng'ombe ni wa nani na kwa nini wameachiwa hivyo. Bwana mmoja wa maabara alivua akatangaza kwamba amepoteza wawili. Mapigo ya moyo, ambayo mradi ulitaka tuyapime kabla na baada, yalipanda kwa wote isipokuwa Dkt. Ferdinand, ambaye ng'ombe wake alitokomea bila yeye kushtuka. Alijisifu sana. Sisi tulimtazama kwa huruma, kama tunavyomtazama mtu aliyefilisika.

Dokta Hilaria alivunjika moyo. Miaka yote ile kwetu, salamu zetu, uji wetu, na bado hakuwa amejua. Kwao ng'ombe haendi popote, kwa hiyo kumwacha aende kwake ilikuwa picha tu. Alitengeneza chai, kali ya siku mbaya, tukakaa kwenye benchi tukilia na kumcheka huku tukimwonea huruma. Rahel alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Alikuwa amevaa miwani baada ya wote, na hakukimbia wala kupiga mluzi. Alitazama tu mpaka mwisho. Kwa majuma mengi hatukuwa tumemsikia akisema zaidi ya majina ya wagonjwa.

"Kwetu Mkula ng'ombe haachwi, Mama," alisema. "Anafunguliwa."

Dokta Hilaria alimwuliza tofauti yake.

"Anarudi. Ndama wako ndani, lazima arudi. Mchana si wako kumfukuza wala kumfuata, yuko na mchungaji. Kazi yako ni jioni. Unafungua lango, unakaa pembeni. Ukisimama katikati ya lango hawaingii, watakuzunguka mpaka giza."

Alikunywa funda. Akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba yeye alikuwa amesimama katikati. Na macho yake, kwa mara ya kwanza, yakalowa. Ilikuwa tangawizi.

Wiki ileile tulirudi Lingeka, safari hii na Rahel. Aliikataa njia ya lambo, akaisimamisha kamera kando ya lango la zizi, kimo cha mtu aliyechuchumaa. Kisha tukasubiri. Nimezaliwa pale, nimeona jioni zile zote za utoto wangu, na nasema sikuwahi kuiona hata moja. Jua lilikuwa limelainika. Vumbi lilianza kuonekana mbali kabla ya kitu chochote, vumbi la rangi ya asali, likasimama hewani kana kwamba limesahau kushuka. Ndani ya vumbi, kengele. Ndama waliokuwa zizini walianza kuita, na kutoka kule kwenye asali wakaitikiwa. Halafu wakaja, kwanza vivuli virefu, kisha pembe, kisha pumzi zao, wakapita karibu yetu wazito na wapole, na kila mmoja alijua pa kwenda. Hata Novatus alinyamaza, jambo ambalo ukoo wetu utalithibitisha kuwa si la kawaida. Yule mweupe alifika wa mwisho, peke yake, vumbi lilipokuwa limekwisha kutua. Rahel alimsubiri lango likiwa wazi, naye akiwa pembeni.

Maneno ya filamu hiyo ni ya Rahel. Asubuhi unawafungulia. Jioni wanarudi na kila ulichowapandisha mgongoni. Hakuna anayekuambia kwamba kitakuwa kimekwisha. Unafungua lango, unakaa pembeni, unawaacha wapite walale. Na kesho kazi ipo. Unaweza kuivaa asubuhi, unaweza kuivaa jioni. Wasukuma hatukimbii tena. Kabati limehamishwa hata hivyo.

Sisemi miwani imemponya mtu. Mimi ni mfamasia, najua dawa inavyosifiwa zaidi ya uwezo wake. Nasema nilichokiona. Rahel alianza kuivaa kila Alhamisi, dakika chache, kabla ya kazi. Alisogelea sinki. Alianza kama msaidizi wa Dokta Hilaria kwenye meza, kisha wakabadilishana nafasi kwa zile kazi nyepesi. Mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia, na Dodoma walikuwa wameandika kukumbushia. Dokta Hilaria hakumwuliza kitu. Kwa mtu ambaye nimewahi kumsikia akimwuliza mjumbe wa kamati, mbele ya mkewe, kama anajua maana ya uzazi wa mpango, huko kunyamaza ndiko ninakokuhesabu kuwa upasuaji wake mgumu kuliko yote.

Desemba ile mvua ilikuja kwa hasira. Mchana mmoja simu ikapigwa kutoka ng'ambo: mama, gari, mto. Maji yalipungua mapema kuliko ile mara nyingine, lakini hatukulijua hilo wakati tunasubiri. Gari liliposimama mlangoni Dokta Hilaria alikuwa tayari amevaa nguo za upasuaji. Rahel naye alikuwa amevaa. Nilikuwa nimeleta dawa, nikasimama pale korido nikiwa sina kazi nyingine isipokuwa kuwa njiani mwa watu.

Rahel alinawa. Nilisikia maji yanatiririka, yakaendelea kutiririka, na nikaona mkono wa Dokta Hilaria ukishika kiti. Kiti chake kilikuwa kimekaa mbele kabisa ya mlango wa chumba cha upasuaji. Alikiinua, akakisogeza pembeni, ukutani. Akakaa, mikono mapajani, tayari kuitwa.

Maji yakafungwa. Rahel akapita, mikono juu, akaingia.

Hakuitwa mtu. Mama yule na binti yake wapo, na jina la binti nadhani mmeshalikisia; mwalimu atajua la kufanya. Chai ya siku ile ilikuwa kali kupita kawaida ingawa hapakuwa na msiba wowote. Barua ya Dodoma ilijibiwa kwa shukrani, na leo Dkt. Rahel ndiye anayekabidhiwa ufunguo wa chumba namba sita.

Lipo jambo moja ambalo sisi sote hatukuliona. Tulikuwa tumevaa miwani ile madaktari, wauguzi, mpaka mhasibu ambaye hakustahili. Dokta Hilaria hakuwahi. Alikuwa na sababu: ni ya watoto, ataharibu nywele, lazima abaki mtu wa kutushika tusigonge makabati. Alhamisi iliyopita, akiwa anafungasha vikombe vyake kwenye boksi, Rahel aliingia na miwani mkononi akamwambia kwa utaratibu kabisa, "Kaa, Mama. Ni zamu yako."

Alikaa. Mtoto akimwambia hivyo mzazi, mzazi hukaa. Tulikuwa watatu mle ndani na Dkt. Ferdinand mlangoni. Uso wake ulifunikwa, tukabaki na kidevu tu cha kusoma. Aligeuza kichwa polepole, akitazama mbuga ambayo sisi hatukuiona. Nje kulikuwa na harufu ya vumbi na nyuzi za pamba zilizodondoka kwenye malori ya msimu, nyeupe kandokando ya barabara, na kwa muda ule nikajihisi na mimi naelea kama alivyoota usiku wake wa kwanza. Filamu ni fupi. Ilikwisha, akanyoosha kidole, Rahel akairudia. Ilipokwisha tena aliivua mwenyewe. Chai haikuwepo, chupa ilikuwa imeshaingia kwenye boksi. Uso wake ulikuwa umelowa wote na hakutafuta kisingizio.

"Yule mweupe," alisema. "Miaka yote nilidhani nimemwacha Kasoli."

Nilimkumbuka yule mama wa mkokoteni. Rahel alimwambia kwamba amefika. Kisha akaenda akafungua mlango wa chumba namba sita, akakaa pembeni.

Kaka yangu Novatus ametuma zawadi. Ni mtamba, binti wa yule mweupe, na ameniagiza niseme hadharani kwamba zawadi hiyo inabaki Lingeka. Amesikia habari za Kibosho. Hawezi kumpeleka mtoto wa watu akafungiwe bandani na kuletewa majani kitandani. Mwenye mali akitaka kumwona, aje.

Dokta Hilaria, asante ni neno dogo. Kwa hiyo nakushukuru kwa Kisukuma: wabeja, mayu, kwa wale uliowapokea na kwa wale tuliowasindikiza pamoja. Wabeja kwa chai. Nenda ukapumzike mahali penye pa kuegemeza macho, uamke bila simu, uwasalimie majirani mwangaluka saa yoyote upendayo. Tunakuombea siku ndefu na magoti mazuri. Na usituambie kwamba unatuacha, kwa sababu Rahel ametufundisha sote kusema vizuri. Tumekufungulia tu. Jioni yoyote utakayotaka kurudi, utalikuta lango liko wazi, na sisi tukiwa pembeni.